Shilingi ya Kenya ikipanda, nani anapata na nani anaumia mpakani?

Wafanyabiashara wanaopita Namanga na Holili hawajasahau mwanzo wa mwaka 2024. Mwezi Januari dola moja ya Marekani ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Februari serikali ya Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje ili kupunguza deni la zamani lililokuwa likifikia muda wa kulipwa, wasiwasi ukapungua, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Shilingi ya Tanzania haikufuata, ilizidi kulegea kidogo. Hivyo shilingi moja ya Kenya, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 16 za Tanzania, ikafika karibu 20.

Tuchukue mfano wa gunia la vitunguu la shilingi 100,000 za Tanzania. Januari mnunuzi wa Kenya angehitaji 6,250 za kwao. Aprili, 5,000 tu, ingawa mkulima hakupunguza hata senti. Hapo ndipo malori huongezeka shambani. Mkulima hufurahi, lakini mama lishe wa Arusha sasa anagombania gunia lile lile na Nairobi, na bei ya sokoni kwake hupanda.

Kwa Mtanzania anayeleta sabuni kutoka Nairobi mambo ni kinyume. Mzigo wa 100,000 za Kenya, uliomgharimu 1,600,000 za Tanzania, ulifika 2,000,000. Aliyechukua mali kwa mkopo Januari akalipa Aprili huenda aliuza yote na bado akabaki na hasara.

Wenye malori nao wamo. Malipo ya dola 1,000 yalimpa msafirishaji wa Kenya 160,000, kisha 130,000, huku mshahara wa dereva ukibaki ule ule. Dizeli hushuka, ila kwa kuchelewa: bei hupangwa mara moja kwa mwezi, kwa kuangalia shehena iliyokwisha kununuliwa. Madukani ni polepole zaidi. Aliyenunua bidhaa dola ikiwa 160 hana haraka ya kushusha bei (ikipanda, hangoji mzigo mpya).

Kwa hiyo katika mkataba tajeni sarafu na pia kiwango cha siku gani kitatumika, ya kupakia au ya kulipa. Na kwa biashara ya ndani ya Tanzania, kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni.