Cheza na Msee, Usiguze Begi Lake

Wasee wa kuruka na parachuti wanapenda kucheka vibaya sana. Enda uwanja wowote wa kuruka, iwe DeLand kule Florida, Eloy kule Arizona ama Perris kule California, utapata mbogi imeketi kwa kivuli. Wengine wanakunja miavuli, wengine wanangoja ndege, na kuna mmoja hapo katikati ako karibu kuchezewa shere na bado hajashtuka. Hao ni watu wenye wanatoka kwa mlango wa ndege futi 13,000 juu, wanaanguka kwa mwendo wa kilomita 190 hadi 200 kwa saa, dakika moja hivi, alafu wanafungua mwavuli na kutua wakiwa na stori. Uoga ukishatoka mwilini, kicheko kinachukua nafasi.

Lakini kuna kitu moja naiheshimu sana kwa hiyo mbogi, na nataka tuibonge leo juu hata sisi huku mtaani tunaihitaji. Hao wasee wanajua mahali utani unaishia. Unaweza mchezea mtu kwa jina lake, kwa nywele zake, hadi kwa siku yake kubwa. Begi lake la kuruka haliguzwi, hata mkiwa mabeshte wa miaka.

Shere zenye ni sawa

Tuanze na zile tamu. Kwa viwanja vingi vya Marekani, ukifanya kitu mara ya kwanza unadaiwa bia. Umeruka peke yako mara ya kwanza? Leta katoni. Umenunua begi lako mwenyewe? Leta katoni. Umetua mahali mbali mpaka ukarudishwa na pickup ya mkulima? Hiyo pia. Na hiyo bia inafunguliwa jioni, ndege ya mwisho ikishatua, juu hakuna mtu anafaa kupanda na pombe kichwani. Hata kwa shangwe wako na mpaka.

Alafu kuna cream ya usoni. Kule Marekani, ukiruka mara 25 unaweza kuhitimu leseni A. Mara 50 ni ya B, 200 ni ya C, na 500 ni ya D, yenye ndio kubwa. Mia moja haina karatasi yoyote. Sasa mbogi inakupea cheti yao wenyewe: sahani ya cream, uso mzima, mbele ya watu wote, na kamera ziko juu. Kuna dem anatua mara yake ya 100 akidhani wote wamesahau, kumbe nusu ya uwanja imejificha nyuma ya ukuta.

Cheki venye wasee wenye adabu wanaifanya. Wanangoja atue. Akusanye mwavuli wake. Avue begi, aliweke mbali, atoe helmeti na altimita kwa mkono. Hapo sasa ndio anapakwa. Cream inanata kwa nailoni, inaacha doa, na kuisafisha ni wera ya kesho. Uso unaoshwa na maji ya bomba. Wanampiga yeye, vitu vyake vinabaki safi, na akimaliza kupangusa macho anacheka na wao. Hiyo ndio shere iko sawa: ikiisha, mwenyewe ako na kila kitu chake vile alikiacha.

Ndani ya hilo begi

Ukiliangalia hivi unaweza dhani ni begi ya shule imenona. Ndani kuna miavuli miwili. Kuna ule mkubwa wa kila siku, na kuna wa akiba. Kwa mabega kuna pete tatu tatu za chuma, form yenye Bill Booth aliibuni miaka ya 1970 kule Marekani. Mwavuli mkubwa ukijifunga vibaya hewani, unavuta mshikio mmoja, pete zinaachilia, mwavuli mbovu unaenda zake, na ule wa akiba unachukua kazi. Alafu wengi wako na kakompyuta kanaitwa Cypres, kalitoka Ujerumani 1991. Hako kanapima urefu na mwendo. Kakiona bado unaanguka kwa kasi ukiwa karibu futi 750 kutoka chini, kanakata kamba yenye imefunga mwavuli wa akiba ili ufunguke. Msee akizirai hewani, hako ndiko kanamtetea.

Vyote hivyo vinashikiliwa na vitu vidogo mno. Pini moja imepita kwa kitanzi cha kamba. Ikitoka mapema mkiwa ndani ya ndege na mlango uko wazi, mwavuli unaweza kutoka nje na kumvuta mwenyewe mpaka agonge mkia wa ndege. Na hiyo pini inaweza kusongezwa na mtu tu ameegemea begi la mwenzake akidoze.

Altimita ya mkononi nayo iko na kidude cha kuzungusha ili isome sifuri ukiwa chini. Tuseme fala mmoja ameizungusha kwa mchezo, sasa inakudanganya futi 1,000. Kwa ule mwendo wa kuanguka, futi 1,000 zinaisha kwa sekunde 5 na nusu hivi. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinasema hata msee wa leseni D awe amefungua kufikia futi 2,500. Kutoka hapo, ukiwa bado unaanguka, ardhi iko sekunde 14 mbele. Toa zile zimeibiwa na mchezo, unabaki na 8 za kugundua kuna noma, kuamua, na kuvuta. Hapo hakuna wa kusema "nilikuwa najibamba tu."

Na bado hatujaongea ganji. Begi mpya kamili huwa inaanzia kama dola 6,000 kwenda juu, yaani zaidi ya laki saba za Kenya. Kuna wasee wamefanya kazi ya usiku kwa miaka kupata hilo begi. Ukilikanyaga, ukilimwagia soda, ukivuta fegi karibu na mwavuli umetandazwa, unachezea jasho ya mtu.

Mwavuli na utani wa ndani

Kuna shere moja huleta ubishi. Mtu anafungua begi la beshte wake, anatia vikaratasi vya rangi ama chupi ya mapambo katikati ya mwavuli, alafu anakunja tena. Beshte akifungua hewani, vitu vinamwagika angani na wenye wako chini wanavunjika mbavu.

Naelewa mbona inabamba. Na bado nasema zii. Hata kama mwavuli ulikunjwa vizuri na kila kitu kikafunguka freshi, yule msee alipanda ndege akiamini anajua ndani ya begi lake kuna nini, na hakuwa anajua. Kule Marekani sheria ya usafiri wa anga inataja nani anafaa kukunja. Mwavuli mkubwa unakunjwa na fundi mwenye cheti, ama mwenye anaenda kuruka nao, ama mtu mwenye anasimamiwa na fundi. Ule wa akiba ni fundi peke yake, na lazima awe ameukunja ndani ya siku 180 zilizopita. Akimaliza anaweka uzi mwekundu na muhuri mdogo wa risasi wenye alama yake. Ukipata huo uzi umekatika, haupandi ndege mpaka fundi aukague. Uzi mwembamba, unakatika na kucha, lakini uwanja mzima unausikiza.

Ukitaka kumchezea msee na mwavuli, muulize. Mwambie, "Siku yako ya mia, tukuwekee vikaratasi?" Akikubali, mwende kwa fundi pamoja. Utani haufi juu umeomba ruhusa. Wengi wangecheka hata zaidi wakijua hakuna hatari imefichwa.

Siku yenye iliamsha watu

Tarehe 5 Aprili 2015, Jumapili ya Pasaka, mama mmoja mrukaji mwenye uzoefu, na mwalimu wa kuruka, alitoka kwa ndege juu ya uwanja wa Netheravon huko Uingereza, futi 4,000. Mwavuli mkubwa ukajikunjakunja. Akauachilia, akategemea wa akiba, nao ukakataa. Alianguka kwa shamba limelimwa, akavunjika kiuno, mbavu na uti wa mgongo. Akaishi.

Mafundi walipokagua begi wakapata viungo viwili laini vya mwavuli wa akiba havipo. Mume wake, sajenti wa jeshi, ndiye alikuwa ameliharibu. Mei 2018 korti ya Winchester ikamkuta na hatia ya kujaribu kumuua, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 18.

Huo haukuwa utani, ilikuwa ni ukatili. Naitaja juu inaonyesha hilo begi limebeba imani kiasi gani. Huyo mama alikuwa na ujuzi wote. Chenye hangeweza kuona ni kazi ya mkono wa mtu mwingine, ndani, mahali pamefungwa. Ndio maana mrukaji akipata begi lake limesongezwa hata kidogo, anaanza kukagua upya kutoka juu mpaka chini. Ana haki, na mbogi poa haimcheki kwa hiyo.

Mkono unaomba ruhusa

Sasa hapa ndio napenda hawa watu zaidi. Hao hao wenye hawaguzi begi lako ndio wanalikagua kukusaidia. Warukaji wanafundishwa kukagua mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na kabla ya kutoka mlangoni. Lakini huwezi jiona mgongo. Sasa ndani ya ndege msee anamgeukia jirani, labda wamejuana asubuhi tu, anamwambia, "Nichekie pini." Jirani anaacha stori. Anafungua kifuniko, anaangalia pini, anaangalia kamba, anafunga, anampiga begani: uko fiti.

Na ukiona kitu haiko sawa kwa begi la mtu, unamwambia kwanza. "Mshikio wako umetoka, nirudishe?" Akisema ndio, unarudisha. Akisema nitafanya mwenyewe, unamwacha. Hata ukisongeza begi lake chini ya meza ndio upate nafasi, unamshtua: "Buda, nimelisongeza, likague." Adabu yao yote iko hapo. Wako karibu sana na vitu vya wenzao, macho yao yako hapo kila saa, na mkono unangoja jibu.

Hii tuko nayo hata Kenya. Kwale, kwa fuo za Diani, kuna Skydive Diani, wanapaa kutoka Ukunda na kutua kwa mchanga mweupe. Ukienda kuruka ukiwa umefungwa kwa mwalimu, utakuwa mgeni kwa hiyo dunia, kwa hivyo beba adabu yake. Usivute kamba yoyote ndio beshte wako apige picha. Usikalie begi, usipite juu ya mwavuli umetandazwa. Simu na miwani uulize kabla ya kubeba. Mikono uiweke pale mwalimu anakuonyesha. Utacheka sana tu, na mwalimu atakuwa wa kwanza kukuchekesha.

Kwetu mtaani

Hapa base tumezoea kuficha simu ya msee ndio tumwone akihangaika. Mmoja anachukua funguo za pikipiki, mwingine anaficha helmeti ya boda, mwingine anafungua simu ya dem anatuma meseji kwa watu wake. Tunacheka, alafu tunaambia mwenye amekasirika ati hajui jokes.

Hiyo simu ndio iko na doo zake za rent ndani. Kuna mteja anaweza piga dakika hiyo umeificha. Mathe wake anaweza kuwa ocha mgonjwa, anatafuta mtu. Ile helmeti ya boda ndio imesimama kati ya kichwa chake na lami ya Thika Road. Wewe unaona kitu ya kuchezea, mwenyewe anaona siku yake yote. Warukaji waliweka mpaka juu kwao kosa linaonekana kwa sekunde 8. Kwetu linaweza chukua wiki kuonekana, na ndio maana tunajidanganya hakuna kitu tumeharibu.

Tuache kuficha vitu vya watu. Shere ziko nyingi zenye zinaanza na kuisha kwa kicheko: mwimbie msee vibaya siku yake ya kuzaliwa, mpake unga, mpe jina la ajabu kwa grupu, mvalishe luku ya karne iliyopita mbele ya manzi wake. Akikasirika muombe radhi, juu yeye ndiye anajua mahali inauma. Lakini simu, funguo, helmeti, dawa, kitambulisho, pesa za wera: hizo uziulizie kabla ya kuziguza, hata kama mmekula sahani moja tangu darasa la kwanza.

Mbogi ya kukaa nayo ni ile unaweza acha vitu vyako mezani uende, urudi uvipate vile uliviacha, alafu mmoja wao akwambie, "Simu yako imeita, nimeona ni mathe, mpigie." Jenga mbogi kama hiyo. Anza na mkono wako mwenyewe, leo jioni mkikutana.