Daftari Moja, Makarani Wengi

Kompyuta ya mezani ilibuniwa imtumikie mtu mmoja. Lakini kumbukumbu za shule, zahanati au ghala huhitajiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo hifadhidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali, inapolazimika kufikiwa na kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa mtandao.

Hatari iliyopo huonekana kwa mfano mwepesi. Mwanafunzi anadaiwa karo ya shilingi 50,000. Makarani wawili wanaifungua kumbukumbu yake kwa pamoja, na kila mmoja anaona 50,000. Wa kwanza anapokea shilingi 20,000 na kuandika salio la 30,000. Wa pili anapokea shilingi 10,000 na kuandika 40,000 juu ya tarakimu ya mwenzake. Deni halisi ni 20,000. Malipo ya kwanza yamefutika, na mwanafunzi aweza kurudishwa nyumbani kwa fedha alizokwisha kulipa.

Kinga ya kwanza ni kufuli. Programu ikiagizwa hivyo, humzuia karani wa pili kubadili kumbukumbu mpaka wa kwanza amalize.

Kinga ya pili ni kuigawa hifadhidata. Katika Microsoft Access, programu iliyotolewa mwaka 1992, majedwali huwekwa katika kompyuta kuu. Fomu na ripoti huwekwa katika faili nyingine, ambayo kila mtumiaji hupewa nakala yake. Fundi akirekebisha fomu, husambaza nakala mpya bila kuzigusa kumbukumbu.

Hata hivyo, mpango huo una mipaka. Access huruhusu watumiaji 255 kwa pamoja na faili isiyozidi gigabaiti 2, lakini matatizo aghalabu huanza mapema zaidi. Sababu ni kwamba kompyuta kuu hapa ni kabati tu: kutafuta na kuandika hufanywa na mashine ya mtumiaji, na vipande vya faili hupita katika mtandao. Mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, faili yaweza kuharibika.

Kwa hiyo, watumiaji wanapoongezeka, majedwali huhamishiwa katika programu ya seva, kama vile PostgreSQL. Seva hupokea ombi, hulitekeleza yenyewe na kurudisha jibu tu. Malipo huandikwa yote, au hayaandikwi kabisa.

Darasani, daftari moja na kalamu mbili zatosha kulijaribu jambo hili. Wanafunzi wapokee malipo kwa pamoja bila kanuni yoyote, kisha walinganishe salio na fedha zilizomo mkononi.