Lenzi Kuukuu Katika Kamera Nyingine

Mara nyingi kamera ya filamu hufa kabla ya lenzi yake. Pazia la ndani huchanika, magurudumu madogo hushikwa na kutu, na fundi hurudisha kamera akisema haifai tena. Basi watu huitupa yote pamoja, au humpa mtoto aichezee. Ni hasara kubwa. Kioo kilichosagwa vema hakichakai upesi kama kitambaa na chuma. Lenzi yenye miaka 60 yaweza bado kutoa picha nzuri ya bibi na wajukuu wake, mradi ipate kamera nyingine inayoifaa.

Inafaa kamera ipi? Hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao.

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1949, katika mji wa Dresden huko Ujerumani, ilitokea kamera iitwayo Contax S. Lenzi yake ilifungwa kwa parafujo yenye upana wa milimita 42, ikizungushwa kama mfuniko wa chupa. Viwanda vingine vilitumia parafujo ileile: Praktica mjini humo humo, Asahi Pentax ya Japani tangu 1957, na baadaye Zenit ya Umoja wa Kisovyeti. Ndiyo maana lenzi za namna hiyo ni nyingi mno duniani, kama vile Takumar za Wajapani na Helios 44 ya Warusi, ambayo ilifuata mfano wa Biotar ya Wajerumani. Lakini mwaka 1975 Asahi waliiacha parafujo, wakaleta mdomo mpya unaoitwa K, ambao lenzi huingizwa ndani yake na kuzungushwa kidogo tu. Kwa mdomo huo walitengeneza Pentax K1000, tangu 1976 hadi 1997, kamera ngumu ya chuma ambayo betri yake ni ya kupima mwanga tu.

Lenzi ya parafujo huingia katika K1000 kwa msaada wa pete nyembamba. Yaonekana ni jambo dogo, lakini hapa milimita moja yatawala kila kitu. Kila namna ya kamera ina umbali wake kutoka mdomo hadi filamu: kwa parafujo ya Dresden ni milimita 45.46, na kwa mdomo wa K ni 45.46 vilevile. Asahi walifanya hivyo kwa makusudi, ili wenye lenzi za zamani wasiachwe. Pete yao huzama ndani ya mdomo, isiongeze unene hata kidogo. Kuna pete nyingine za bei ndogo zenye ukingo unaobaki nje. Ukingo huo huisukuma lenzi mbele, nayo haiwezi tena kuona mbali.

Nikon F ya mwaka 1959 ina umbali wa 46.5. Lenzi ya parafujo ikifungwa humo kwa pete isiyo na kioo, hukaa mbali na filamu zaidi ya ipasavyo, kwa milimita moja na kidogo. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, utaona wazi mpaka mita mbili na nusu hivi, si zaidi. Mama na mtoto wake mchanga watapendeza sana. Maandamano yanayopita upande wa pili wa uwanja yatakuwa ukungu mtupu, hata ukizungusha lenzi mpaka mwisho. Canon za zamani zenye mdomo wa FD zina 42 tu, kwa hiyo kuna nafasi ya pete nene, na lenzi huona mpaka milimani.

Pete ikiwa sawa, yabaki kazi ya mkono. Katika kamera yake ya asili, lenzi ya parafujo ilisukumwa pini ya nyuma na kamera yenyewe, tundu la mwanga likajifunga wakati wa kupiga. Katika kamera ya kigeni hakuna wa kuisukuma. Kwa hiyo weka kitufe cha lenzi kwenye M, kama kipo. Fungua tundu hadi 2 ili uone vema na kulenga, kisha ulifunge hadi 16 au namba uitakayo, upime mwanga, ndipo upige. Anayesahau kulifunga, akiacha 2 badala ya 16, huingiza mwanga mara 64 kuliko ipasavyo. Filamu haionyeshi kosa siku ileile: bwana arusi na bibi arusi wamekwisha kwenda zao, na picha 36 zatoka kwa fundi nyeupe kama karatasi. (Lenzi isiyo na kitufe hicho usiinunue kabla ya kuijaribu pamoja na pete yako.)

Tena itazame lenzi yenyewe dhidi ya mwanga. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, adui wa nchi za joto na unyevu, na ikikaa sana hula kioo kisipone. Rangi ya manjano katika baadhi ya Takumar ni jambo jingine: kioo chake kina thori, na kuianika juani majuma kadhaa huipunguza.

Kabla ya kutia filamu, fungua mgongo wa kamera, bandika karatasi laini inayopenya mwanga mahali filamu inapopita, weka kasi kwenye B ukishikilia kitufe, na elekeza lenzi kwenye mti wa mbali, pete ya kulenga ikiwa kwenye alama ya nane iliyolala. Majani ya mti yakionekana wazi kwenye karatasi, tia filamu.