Deni la Maegesho na Barua ya Madai: Lini Ulipe, Lini Ubishe

Shilingi 500 kwa saa, 2,500 kwa siku nzima. Hivyo ndivyo viwango vilivyotangazwa Dar es Salaam Desemba 2021, TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilipourudisha mfumo wake wa kielektroniki wa ada za maegesho. Mfumo ulikuwa umeanza jijini Septemba mwaka huo, wenye magari wakalalamika kweli kweli, na Ummy Mwalimu, wakati huo Waziri wa TAMISEMI, akaagiza usimame kwanza. Uliporudi, dereva alipewa siku 14 za kulipa. Akizipitisha, faini 10,000. Nani atalia kwa sababu ya 500? Kinachouma ni hiyo elfu kumi inayoizidi ada ya saa moja mara ishirini.

Na faini hiyo huwapata zaidi wasiojua kuliko wakaidi. Zamani mkusanyaji aliandika tiketi, akaibana chini ya waipa; ukiiona unajua una deni. Siku hizi ana mashine mkononi. Anaingiza namba ya gari, deni linakaa kwenye mfumo, anahamia gari linalofuata. Aliyeingia dukani Mwenge kununua betri anarudi, hakuna karatasi, hakuna mtu, anawasha gari. Miezi ikipita, siku anayotaka kuliuza gari, ndipo mnunuzi anamwonyesha orodha.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza kulipa au kubisha, angalia. Piga *152*00#, fuata maelekezo ya TARURA, weka namba ya gari. Ni kazi ya dakika chache, na ifanye tabia ya kila Jumamosi, hasa kama gari lako linaendeshwa na dereva au mdogo wako. Deni linafuata namba ya gari, haliulizi nani alikuwa kwenye usukani.

Sasa hesabu. Kama uliegesha kweli, lipa jioni hiyohiyo. Hapo hakuna cha kujadili. Kama gari siku hiyo lilikuwa gereji Tandika na bili inasema lilikuwa Msasani, unayo haki ya kukataa, ila kukataa nako kuna bei. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni 600 tangu Desemba 2023. Kwenda na kurudi ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya ni 1,200, ukiacha nusu siku ya kazi. Kwa bili moja ya 500, kwa mtu mwenye kibanda chake cha kufungua asubuhi, safari hiyo ni hasara tupu. Andika malalamiko kwa simu kupitia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea kero, uambatishe picha na risiti ya fundi, uendelee na shughuli zako. Lakini ukikuta bili tano au kumi za mtaa usioujua, huenda kuna mtu anasoma namba yako vibaya kila siku, au kuna gari jingine linatembea na namba yako. Hapo nenda mwenyewe, beba kadi ya gari, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Cha kuzingatia zaidi ni tarehe. Ukilalamika siku ya tatu unabishia ada peke yake. Ukilalamika siku ya ishirini unabishia ada na faini, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe: ulikuwa wapi siku zote?

Fedha ya Serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya kijana mwenye rifleksta. Hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile mtaani tunayoiita kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Anayekwambia "bosi, toa buku mbili hapa tuyamalize" hajakupunguzia kitu. Umetoa 2,000 na deni lipo palepale.

Kijana huyo naye ana soko lake halali kwa kiasi fulani. Siku ya Simba na Yanga, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, au wakati wa Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, kila uwazi wenye nafasi ya gari unageuka maegesho. Unalipia kuangaliziwa, na kwa kawaida unaangaliziwa vizuri. Lakini hakuna risiti, hakuna jina, na kioo kikipasuka huna wa kumdai. Kiwanja chenye geti, mlinzi na risiti kikiwa ghali kuliko pembeni mwa barabara, tofauti hiyo ni bei ya kuwa na mtu wa kumshika shati. Mimi huilipa. Mwenye gari la miaka ishirini, lenye mikwaruzo ya kutosha tayari, ana sababu nzuri ya kutoilipa.

Maegesho binafsi, ya jumba la biashara, hospitali au kiwanja cha mtu, yana sheria yake, nayo ni mkataba. Hakuna ofisa wa Serikali hapo, kuna bango. Ukiingia ukiliona, umekubali kilichoandikwa. Bango likiwa nyuma ya mti, au limeandikwa kwa herufi za kusomwa na tai, hoja yako ya kwanza ni kwamba hukuwahi kukubaliana na mtu. Piga picha ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, uonyeshe kinachoonekana kutoka pale.

Bango likionekana vizuri, swali linahamia kwenye kiasi. Uingereza waliwahi kulifikisha swali hili hadi Mahakama ya Juu. Barry Beavis aliegesha kwenye eneo la maduka huko Chelmsford, pa bure kwa saa mbili, akapitiliza kwa dakika 56, kampuni ya ParkingEye ikamdai pauni 85. Alibisha hadi 2015, akashindwa: majaji walisema kampuni ina maslahi halali ya kuwazuia watu kukalia nafasi, na pauni 85 hazikuwa nyingi kupita kiasi. Sheria yetu imeandikwa kwa namna inayompa dereva nafasi zaidi. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Maana yake kiasi cha kwenye bango ni dari. Mwenye kiwanja anayedai 50,000 kwa nusu saa ya ziada, penye ada ya 1,000 kwa saa, atatakiwa kueleza fidia hiyo ni ya kitu gani. Mwandikie barua fupi: nakiri nusu saa, nipo tayari kulipa ada yake, zilizobaki nieleze zimetokana na nini. Wengi hukubali hapo, maana kukufungulia kesi kwa 50,000 nako kuna gharama.

Mambo hubadilika gari likishafungwa mnyororo. Hoja ya kifungu cha 74 ni tamu ukiwa sebuleni. Saa mbili usiku, watoto wako nyuma ya gari, hoja inamngoja mwenye funguo. Likishavutwa na bredidauni kuna gharama ya kuvuta, halafu ya kulilaza yadi, na hii ya pili inaongezeka kila siku unayoendelea kuwa na haki. Ushauri wangu hapa ni kulipa mapema na kubisha baadaye. Dai risiti yenye jina la kampuni, na mahali pa kusaini andika kwa mkono wako: "nimelipa huku nikipinga". Uliza pia kwa maandishi wamefunga kwa idhini ya nani. Ukiyapata hayo unaweza kudai urudishiwe fedha zako ukiwa na gari lako na usingizi wako. Bila risiti umetoa zawadi.

Barua ya madai inapokuja, ya maegesho au ya mkopo, iwe imetoka kwa wakili, dalali au kampuni ya kukusanya madeni, uliza yaleyale: nani anadai, kwa mkataba gani, na kiasi kimefikaje hapo? Barua hizo hupenda herufi kubwa na siku saba. Mwandishi wake bado si mahakama. Dalali hawezi kuja Mbagala kubeba friji kwa karatasi ya wakili tu; mali ambayo hukuiweka rehani inakamatwa kwa amri ya mahakama, na dalali wa mahakama anakuja nayo mkononi, unaisoma. Polisi hawakusanyi madeni ya kawaida. Omba nakala ya mkataba na mchanganuo: deni la msingi, riba, faini, gharama za ukusanyaji. Hizo za mwisho ndizo huvimba. Kama mkataba ulioutia saini hauzitaji, zikatae kwa maandishi.

Kwa mikopo midogo kuna kipimo cha wazi zaidi. Watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani kampuni za mikopo zisizopokea amana, wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 100,000, hiyo ni 3,500. Kausha damu wa mtaani anayedai 30,000 kwa mwezi huohuo anadai karibu mara tisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Aliyewapigia shemeji zako na mchungaji wako kuwatangazia deni lako anajibu kwa sheria nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayosimamiwa na Tume yake. Hifadhi ujumbe, rekodi za simu, na tarehe.

Kukaa kimya ndiyo njia inayoonekana rahisi, na kwa benki ndiyo mbaya kuliko zote. Jina huenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na mkopo wa baadaye, ule wa kumalizia nyumba Bunju, unakataliwa bila maelezo marefu. Kwa deni la zamani sana hesabu ni nyingine. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na ukikiri deni kwa maandishi, au kulilipa kidogo, kabla miaka hiyo haijaisha, saa inaweza kuanza kuhesabu upya. Kwa hiyo usijibu barua ya deni la 2018 kwa meseji ya "nivumilie mwisho wa mwezi" kabla ya kupata ushauri. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina huduma ya msaada wa kisheria Kinondoni, kwa asiyemudu wakili.

Ukiona deni ni la kweli na huna fedha yote, toa wewe pendekezo kabla hujapangiwa. Taja kiasi unachokiweza hata mwezi wa ada za shule, usitaje kile cha kumfurahisha mkusanyaji. Barua ya makubaliano iseme riba na faini zimesimama tangu tarehe gani, na malipo yaingie akaunti ya mkopeshaji mwenyewe, si namba ya simu ya aliyeleta barua.