Mdudu wa Kidole: Namna ya Kutunza Ngozi Iliyo Chini ya Ukucha

Jembe likipata pengo, mkulima hulipeleka kwa mhunzi siku ile ile. Lakini kidole chake kikianza kuwasha na kuuma chini ya ukucha, husema, "Kitapoa chenyewe," akaendelea kupalilia. Siku ya tatu hawezi kushika mpini, na magugu hayamngoji. Basi yafaa ujue, ndugu mkulima, maradhi haya yatokako, na namna ya kuyazuia nyumbani yangali madogo.

Ngozi iliyo chini ya ukucha ni laini sana. Ikichomwa na mwiba au kibanzi cha mpini, pale hufunguka mlango. Juu ya ngozi zetu, na hata puani, hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikiingia katika mlango huo huleta uvimbe, joto na usaha. Hayo ndiyo watu wayaitayo mdudu wa kidole, wala hapana mdudu wa kutolewa kwa sindano.

Wako na wengine ambao hawakuchomwa na kitu: waoshao kahawa, wakamuao ng'ombe, na wafuao nguo. Mikono yao hushinda majini, ngozi ya kando ya ukucha ikalainika na kupasuka, kisha kuvu huota humo. Maradhi ya namna hii huenda polepole, hata majuma mengi, na hayaponi mikono isipokaa mikavu.

Utokapo shambani, nawa kwa maji na sabuni. Usiuchokoe udongo kwa mwiba wala kwa ncha ya kisu, maana utautenga ukucha na nyama yake. Paka sabuni kiganjani, ukwaruze ncha za vidole juu yake mpaka povu liingie chini ya kucha. Suuza kwa maji safi, kisha kausha vizuri kwa kitambaa safi. Kata kucha baada ya kuoga, zikiwa laini, wala usizikate mpaka kwenye nyama. Usizing'ate kwa meno.

Kidole kikianza kuuma, chemsha maji, uyaache yapoe hata yawe vuguvugu, ukiyajaribu kwa kiwiko. Katika nusu lita tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Tumbukiza kidole muda wa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, na kila mara ukikaushe. Uendapo kazini kifunge kwa kitambaa safi, na kitambaa kikilowa ukibadili. Kibanzi kikionekana ncha yake, kivute kwa kibanio kilichochemshwa. Kikiwa ndani sana, usikifukue.

Sharti ujihadhari na dawa za kupaka samadi, udongo au majivu. Katika udongo na samadi zimo mbegu za pepopunda, ambazo huishi miaka mingi, na ugonjwa huo huua. Ukichomwa na kitu kichafu, nenda zahanati ukaulize kama yakupasa kudungwa sindano ya kinga.

Nenda zahanati pia bila kukawia ukiona mojawapo ya mambo haya: siku mbili zimepita wala hakuna nafuu, usaha umekusanyika, ncha ya kidole imekuwa ngumu nayo yapwita usiku, maumivu yapanda mkononi kama mstari, au homa imekushika. Usipasue mwenyewe, maana uchafu huweza kufika kwenye mishipa na mfupa, na kidole kikakatwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata siku hizo mbili.

Liko jambo moja zaidi kwa wafugaji. Mwenye kidole chenye usaha asikamue. Vijidudu vyake huweza kuingia katika kiwele, ng'ombe akaugua. Tena vikiingia katika maziwa na kuzaana humo, huacha sumu isiyokwisha hata maziwa yakichemshwa. Wanaoyanywa hutapika na kuharisha. Mpe mwingine kazi hiyo mpaka kidole kipone.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi: sabuni, chumvi, sufuria na kitambaa safi. Viweke karibu na mtungi wa maji, ili kila arudiye kutoka shambani avikute tayari.