Hatari ya Mvuke wa Petroli

Watu wengi hudhani ya kuwa kiwakacho ni petroli yenyewe. Sivyo, kiwakacho ni mvuke wake. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi kwa kipimo cha Sentigredi, lakini petroli huutoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo fundi aliyezoea mafuta ya taa huidharau petroli, kisha huungua.

Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi kama moshi, bali hutambaa chini na kujaa mashimoni, hata ukafikia jiko au taa iliyo mbali. Hapo hushika moto, na moto hurudi mbio mpaka kwenye chombo. Basi aoshaye vyuma kwa petroli ndani ya karakana iliyofungwa amejitegea mtego mwenyewe. Tena pipa lililokwisha petroli huweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, maana limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, ukilichomelea, hulipuka.

Hatari hiyo haiishi karakanani. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, gari la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli iliyomwagika. Ghafula moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Uonapo petroli imemwagika, ondoka upesi na kuwaonya wenzio.

Nguo za mwenzio zikishika moto, asikimbie, kwa kuwa upepo huuchochea. Mlaze chini, umviringishe, umfunike kwa blanketi zito. Moto ukizimika, mwagia palipoungua maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Usipake siagi, wala mafuta, wala dawa ya meno. Hayo huzuia joto lisitoke na huingiza uchafu. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Funika jeraha kwa kitambaa safi, kisha mpeleke hospitali. Petroli iwakayo usiimwagie maji, maana huelea juu yake na moto ukaenea; ifunike kwa mchanga.

Tena petroli iwekwe nje, katika chombo kilichozibwa vema, mbali na moto na sigara. Na kila mwanafunzi wa ufundi afundishwe haya kabla hajashika spana. Husemwa ajali haina kinga. Lakini hii kinga yake tunayo.