Umeme wa Jua Kutoka Angani: Utamfaa Nani?

Mwaka 1975, katika jangwa la Mojave huko California, wahandisi walilielekeza dishi la kituo cha Goldstone, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuwasiliana na vyombo vya anga za mbali, kwenye mnara uliokuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Kati ya dishi na mnara hapakuwa na waya hata mmoja. Taa zilizofungwa mnarani zikawaka. Umeme uliopatikana ulizidi kilowati 30, na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya mawimbi yaliyoipiga antena ya kupokelea iligeuka umeme. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba kusafirisha umeme hewani ni hadithi za kubuni, amechelewa kwa nusu karne. Ubishi uliobaki ni wa mambo mengine.

Wazo la kuupeleka mtambo wa namna hiyo angani ni la Peter Glaser, mhandisi wa Marekani aliyeliandika katika jarida la Science mwaka 1968. Paneli za sola zipandishwe hadi karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, mahali ambapo satelaiti huzunguka sambamba na mzunguko wa dunia, hivyo ukiwa ardhini huiona imetulia palepale. Umeme wa paneli hizo ugeuzwe kuwa mawimbi ya maikrowevu, yarushwe ardhini, kisha antena ziyageuze tena kuwa umeme wa kuingizwa kwenye gridi. Huko juu hakuna mawingu wala masika. Usiku nao ni kama haupo: satelaiti hupita kwenye kivuli cha dunia katika majuma machache tu yanayozunguka Machi na Septemba, kwa muda usiozidi dakika 70 hivi kwa siku. Ukali wa jua ni wati 1,360 kwa kila mita ya mraba, ilhali chini huku saa sita mchana bila wingu tunapata kama 1,000. Tofauti hiyo si kubwa. Kinachowavutia wahandisi ni kwamba jua la huko halikatiki.

Hapa ndipo fizikia inapodai haki yake. Mwale wa maikrowevu hutanuka kadiri unavyosafiri, kama mwanga wa tochi. Ukitumia masafa ya gigahezi 2.45, ambayo hupenya mawingu na mvua bila taabu, urefu wa wimbi ni sentimita 12. Ukiwa na antena ya kurushia yenye upana wa kilomita nzima, mwale utakapofika ardhini utakuwa umetanda kama kilomita 10. Hakuna ujanja wa kuubana zaidi ya hapo, ila uongeze antena ya juu au upandishe masafa. Ndiyo maana mtambo mdogo wa majaribio wa aina hii, wa kulisha kijiji kimoja kwa mfano, haujengeki. Ama ujenge dude kubwa kupindukia, ama usijenge.

Ukubwa huohuo, hata hivyo, ndio unaopunguza hofu ambayo wengi huwa nayo kwanza, ya mwale kukosea njia na kuunguza mji. Katika michoro ya Marekani ya miaka ya 1970, nguvu katikati ya mwale ilikuwa wati 230 kwa mita ya mraba, chini ya robo ya jua la mchana. Pembezoni ilishuka hadi wati 10, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa kinachokubalika kwa raia wa kawaida. Zaidi ya hapo, mwale huongozwa na ishara inayotoka kituo cha ardhini. Maelfu ya antena ndogo za satelaiti hupanga mawimbi yake kwa kuifuata ishara hiyo. Ikikatika, mpangilio huvurugika na mwale hutawanyika angani. Hata hivyo, wati 230 ni mara 23 ya kiwango cha raia, kwa hiyo eneo la katikati litazungushiwa uzio, na ndege hawasomi mabango. Mambo hubadilika pia ukiondoka kwenye maikrowevu. Wapo wanaotaka kutumia leza kutoka satelaiti za karibu na dunia ili kituo cha kupokelea kiwe kidogo, na mwale wa leza unaweza kubanwa mpaka ukawa wa hatari. Anayesema teknolojia hii haiwezi kuwa silaha aulizwe kwanza anazungumzia mwale upi.

Majaribio ya karibuni yanatia moyo, lakini yasomwe kwa makini. Mwaka 2023 chuo cha Caltech kilirusha chombo chenye kifaa kiitwacho MAPLE. Kikiwa angani, kifaa hicho kilipeleka nguvu kwa mawimbi hadi vipokezi vilivyokuwa umbali wa kama sentimita 30 na kuwasha vitaa viwili vya LED. Mwezi Mei mwaka huo mawimbi yake yalinaswa juu ya paa la maabara mjini Pasadena. Ni ushindi, ila kilichofika Pasadena kilikuwa ishara ya kupimwa kwa ala nyeti, si umeme wa kuwashia hata taa ya korido.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa mimi ndipo ninapopoa. Januari 2024 NASA ilitoa ripoti iliyochambua mitambo miwili ya kubuni, kila mmoja wa gigawati 2, yaani karibu sawa na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Mtambo mwepesi kati ya hiyo miwili ulikadiriwa kuwa na uzito wa tani 5,900. Kituo cha kimataifa cha anga, ambacho kina tani kama 420, kiliyachukua mataifa tajiri zaidi ya miaka kumi kukiunganisha, na huo mtambo ungekuwa vituo 14 vya namna hiyo, umeunganishwa na roboti peke yake, mbali mara 90 zaidi. Uniti moja ya umeme, ileile unayonunua kwa LUKU au tokeni, ingegharimu senti 61 za dola kwa mtambo mmoja na dola 1.59 kwa mwingine. Umeme wa ardhini uliolinganishwa nao ulikuwa kwenye senti chache tu. Ripoti hiyohiyo inakiri kwamba roketi zikishuka bei sana na mitambo ikidumu zaidi, hesabu inaweza kukaribiana. Inaweza. Wakati huohuo sola za ardhini na betri hazikukaa kusubiri: tangu 2010 bei za vyote viwili zimeporomoka kwa takriban asilimia 90.

Ukitazama nani analisukuma jambo hili, mantiki yake huonekana. Uingereza, Ulaya na Japani zina majira ya baridi yenye mchana mfupi, na hakuna betri ya kuhifadhi jua la Juni likatumike Desemba. Wanajeshi nao hawajali sana bei ya uniti pale dizeli inapofikishwa kambini kwa misafara inayoviziwa njiani. Maabara ya jeshi la majini la Marekani ilijaribu paneli ya aina hii angani mwaka 2020. Sisi tulio jirani na ikweta shida yetu ni saa kumi na mbili za usiku pamoja na siku chache za mawingu, na hizo zinamudiwa na betri na mabwawa. Ningepewa fedha za umma leo, zingekwenda kwenye nyaya, transfoma na betri.

Hiyo haimaanishi tugeuze shingo. Ile njia ya satelaiti ya kilomita 36,000 iko juu ya ikweta. Desemba 1976 nchi nane zilikutana Bogotá na kudai kwamba kipande cha njia hiyo kilicho juu ya kila nchi ni mali yake ya asili. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwamo. Dai halikukubaliwa, kwa sababu mkataba wa anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za mbali. Lakini kelele za nchi maskini za miaka ile hazikupotea bure: Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilizitengea nchi zote nafasi katika baadhi ya masafa, kubwa na ndogo kwa pamoja. Mgao huo ni wa mawasiliano na matangazo. Hauhusu mwale wa umeme, ambao nao unahitaji kanuni zake.

Gigahezi 2.45 ni jirani ya waifai yako, na mwale wa gigawati mbili unaweza kuchafua masafa ya wengine hata kwa mabaki yake. Dude la kilomita kadhaa likigongwa na kumeguka huko juu, vipande havitashushwa na hewa, kwa kuwa hewa haipo. Vitabaki vikizunguka juu ya vichwa vyetu vizazi kwa vizazi. Mikutano ya dunia ya kugawa masafa hufanyika kila baada ya miaka mitatu au minne. Tume na mamlaka zetu za mawasiliano ziende huko na wahandisi wenye hesabu mkononi, na zidai kanuni za masafa, taka na fidia ziandikwe kabla roketi ya kwanza ya kibiashara haijabeba paneli.